UJIRA NA HISANI
Neno juu ya marupurupu ya kazi, kwa mfano wa bonde la Kilombero

Baada ya kumshukuru Mola wetu na kumswalia Mtume wake, twasema: katika waraka huu twataka kuchunguza jambo ambalo watu hulipita kila siku bila kulitazama. Nalo ni vile vitu ambavyo tajiri, yaani mwenye kumwajiri mtu, humpa mtumishi wake zaidi ya mshahara: nyumba, chakula, matibabu, nauli ya kwenda kwao, masomo ya watoto, na karamu ya sikukuu. Watu huviita marupurupu. Matajiri husema kwamba hivyo ndivyo vinavyowavuta watu waje, na ndivyo vinavyowafanya wakae. Swali letu ni hili: kitu hicho anachopewa mtumishi, je, ni ujira au ni hisani? Maana hukumu ya ujira ni mbali na hukumu ya hisani ni mbali, na mwenye kuzichanganya huenda akadhulumu hali akijiona mkarimu.

Tumechagua mfano wa bonde la Kilombero kwa sababu huko jambo hili laonekana wazi kuliko mahali pengi. Bonde hilo liko katika mkoa wa Morogoro, kati ya milima ya Udzungwa na milima ya Mahenge, na mji wake mashuhuri ni Ifakara. Mto hufurika wakati wa mvua, na maji yakipungua huacha ardhi yenye rutuba, ambayo wenyeji wake, Wandamba na Wapogoro na Wambunga na Wabena, wameilima mpunga tangu zamani. Basi mtu mwenye jaruba lake la mpunga na mtumbwi wake wa kuvulia samaki hana njaa ya kumsukuma akatumike kwa mwingine. Kwa hivyo kila aliyefika kule akitaka mikono ya watu, alikuwa na njia mbili tu: ama kuwalazimisha, ama kuwabembeleza.

Wa kwanza walilazimisha. Wadachi walipotawala waliwatia watu katika mashamba ya pamba kwa nguvu na kwa malipo yasiyo na maana, na hiyo ilikuwa sababu moja kubwa ya vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905. Watu wa bonde hilo waliingia katika vita hivyo, na mwezi wa Agosti mwaka huo waliishambulia boma ya Mahenge. Wakaja Waingereza, nao wakaacha mjeledi wakashika sheria. Sheria yao ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mtu aliyekimbia kazi kuwa mkosa wa kufungwa jela, kana kwamba kuacha kazi ni kuiba. Ndiyo zama za kipande, yaani karatasi ya siku 30 za kazi, ambayo mtu hakupata fedha yake kamili mpaka siku zile zitimie. Na ndiyo zama za manamba waliochukuliwa mbali kwenda mashamba ya mkonge, wakaitwa kwa namba na kulishwa posho ya unga na maharagwe.

Zama hizo zimepita, na mahali pa mjeledi na jela pameshikwa na marupurupu. Hapana shaka ya kuwa nyumba ni bora kuliko mjeledi, na daktari ni bora kuliko mlinzi wa jela. Hilo hatulikatai. Lakini yatupasa tuulize kama nyumba ile imekuja kumstiri mtu, au imekuja kufanya kazi ileile ya mjeledi kwa upole.

Tazameni habari ya sukari. Kampuni ya sukari ya Kilombero iliundwa mwaka 1960, ikaanza mashamba na kinu upande wa kaskazini wa bonde, penye Mto Ruaha Mkuu. Kazi ya miwa ina tabia yake. Shamba huchomwa moto, kisha mkataji huingia na panga katika majivu na joto. Na muwa ukishakatwa, utamu wake huanza kupotea, basi hapana budi ufike kinuni upesi, katika siku moja au mbili. Kinu hakiwezi kungoja watu, na watu wakitoroka katikati ya mavuno, hasara ni ya siku hiyohiyo. Tena mavuno ya miwa huanza masika yanapokwisha, na miezi hiyo ndiyo miezi ya kuvuna mpunga. Mwenyeji atauachaje mpunga wake ndege waule, akakate miwa ya mtu? Kwa hivyo wakataji wengi walitafutwa mbali, katika nyanda za juu za kusini, wakaletwa na kutiwa katika makambi. Na mtu aliyetolewa kwao siku kadha wa kadha za safari hana budi apewe pa kulala, na pa kutibiwa, na njia ya kurudi.

Basi tajiri ana haja ya kweli ya kumweka mtu asiondoke, na haja hiyo si dhambi. Mwenye chombo hutaka baharia asimwache katikati ya bahari. Dhambi, ikiwapo, haimo katika haja. Tuitafute katika njia.

Na kipimo cha njia ni hiki: tazama litakalotokea siku mtu huyo atakapotaka kuondoka. Siku ya kuingia kazini kila kitu huonekana kizuri. Nyumba ni ya bure, mtoto anasoma, mke anatibiwa. Lakini siku ya kutoka, vitu hivyo hugawanyika mafungu mawili. Kuna vile ambavyo mtu huondoka navyo: afya aliyotibiwa, elimu aliyofundishwa, akiba iliyowekwa kwa jina lake. Na kuna vile ambavyo hubaki nyuma na kumwacha uchi: nyumba ambayo hufungwa siku ileile ya kazi kwisha, na shule ambayo mtoto hutolewa katikati ya mwaka. Mtu mwenye fungu hili la pili huijua siku hiyo kabla haijafika. Kwa hivyo akitukanwa hunyamaza, akipunjwa hunyamaza, akiamriwa lisilo halali hutazama watoto wake waliolala, kisha hulifanya. Mtu huyo hakukaa kwa kupenda. Amefungwa, na kamba yake ni paa la nyumba.

Tukitaka kujua njia iliyo safi, tuna kisa cha Nabii Musa, amani iwe juu yake, kilichoelezwa katika Sura ya Al-Qasas. Musa alifika Madyan mkimbizi, hana mali wala jamaa, akawanyweshea wanyama binti wawili waliokuwa wamezuiwa na msongamano wa wachungaji, wala hakudai kitu. Baba yao, mzee mtu mzima, akamwita ampe malipo ya kazi ile. Binti mmoja akamshauri baba yake amwajiri, kwa kuwa ana nguvu na ni mwaminifu. Basi mzee akamwambia Musa kwamba atamwoza mmoja wa binti zake kwa sharti amtumikie miaka 8, na akitimiza 10 hiyo itakuwa ni hiari yake Musa, wala yeye hataki kumtaabisha. Musa akakubali, akasema kwamba muda wowote atakaoumaliza katika hizo mbili, asidhulumiwe.

Zingatieni, ndugu zangu, jinsi mzee yule alivyopanga mambo. Huyu alikuwa tajiri mwenye haja, hana mtoto wa kiume wa kuchunga, na mbele yake amesimama mtu dhaifu kupita wote, mgeni anayewindwa na Firauni. Lau angetaka, angalimwambia: kaa kwangu ule na ulale, nami nitakulinda, na Musa angalikaa miaka 20 akishukuru. Hakufanya hivyo. Kwanza alimlipa kazi iliyopita, ambayo Musa aliifanya bila mapatano. Kisha akataja kazi ijayo, akataja malipo yake, akataja muda wake. Na katika muda huo akatenga miaka 8 kuwa ni deni na miaka 2 kuwa ni hisani, na hisani ile ikawa mkononi mwa Musa, wala si mkononi mwa tajiri. Hakuichanganya haki na fadhila, ingawa kuichanganya kungemfaa.

Kwa ajili ya maana hii, wanavyuoni wametia katika masharti ya ijara kwamba ujira sharti ujulikane. Madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu wa pwani, yamelishika sana sharti hili, hata ikasemwa kwamba kumwajiri mtu kwa chakula chake na nguo yake tu hakusihi, kwa kuwa haijulikani atakula kiasi gani wala atavikwa nini. Imam Malik ameruhusu, kwa kuwa desturi ya mahali huonyesha kipimo. Lakini wote wawili wanakimbia jambo moja, nalo ni mtu kutoa jasho lililo wazi kwa malipo yaliyofichikana. Na zawadi nayo ina hukumu yake. Zawadi ikishapokewa imetoka mkononi mwa mtoaji, haidai kurudishwa wala haimfungi mpokeaji kwa kazi. Aliyepewa ana deni la shukrani tu, na shukrani haiandikwi katika daftari.

Sasa tutaona kosa liko wapi. Tajiri wa kisasa hutaka kitu kimoja kiwe na sura mbili. Anapompa mtumishi nyumba, hukiita zawadi ili ashukuriwe. Na mtumishi akitaka kuondoka, au akidai nyongeza, hukiita malipo ili amfunge. Mbele ya watu ni mkarimu, na mbele ya daftari ni mdai. Lakini kitu kimoja hakiwi ujira na zawadi pamoja. Ikiwa nyumba ile ni ujira, basi itajwe katika mapatano, ihesabiwe thamani yake, wala mtu asiambiwe ashukuru kwa kulipwa haki yake. Na ikiwa ni zawadi, basi isitajwe tena siku ya ugomvi. Masimbulizi huharibu sadaka; itakuwaje yasiharibu ujira?

Huenda mtu akasema: tajiri mwema hana haja ya mapatano yote haya, moyo wake watosha. Twamjibu kwa habari ya mahali petu pa mfano. Kampuni ile ya sukari ilianzishwa kwa mtaji wa kigeni. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 ikawa mali ya umma. Na mwaka 1998 sehemu kubwa ya hisa zake ikauzwa kwa kampuni ya Illovo ya Afrika Kusini, serikali ikabaki na fungu dogo. Katika muda usiofika miaka 40 mashamba yaleyale yamepata mabwana watatu wa namna tatu, na miwa ni ileile na panga ni lilelile. Moyo wa bwana wa kwanza hauuzwi pamoja na hisa. Kilichoandikwa katika mkataba chaweza kudaiwa kwa anayekuja nyuma, na kilichokuwa katika moyo huondoka na mwenye moyo. Kwa hivyo aliye mwema kweli huuandika wema wake, ili usife siku atakapokufa yeye au atakapouza.

Na serikali imeandika baadhi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka likizo ya siku 28 yenye malipo kwa mwaka, na siku 84 za uzazi kwa mwanamke, na imempa mgonjwa ruhusa ya siku 126 katika miaka mitatu, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu ya mshahara. Imesema tena kwamba aliyetumika mwaka mzima, akiachishwa si kwa utovu wa nidhamu, apewe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mpaka miaka 10. Na lililo karibu zaidi na mkata miwa ni hili: aliyetolewa kwao, mkataba wake ukivunjwa mahali pengine, arudishwe pamoja na mizigo yake mpaka alipochukuliwa, au apewe nauli ya kumfikisha. Mambo haya zamani yaliitwa fadhila za tajiri. Sasa ni haki, na anayeyatoa hakutoa zawadi. Amelipa deni. Lakini sheria ina mlango wake mwembamba: likizo ile haimfikii aliyetumika chini ya miezi 6, isipokuwa aliyeajiriwa kwa msimu, au aliyeajiriwa na tajiri yuleyule zaidi ya mara moja katika mwaka, na jumla ya muda wake ikapita miezi hiyo. Kibarua wa muda mfupi asiye wa msimu huishi katika mlango huo, na tajiri mjanja aweza kuuhesabu muda wake kwa siku ili mtu asikivuke kizingiti. Huyo ameitimiza herufi, na Mola wake anamwona.

Kuna mfano mwingine katika bonde hilohilo, nao ni wa Ifakara mjini. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa Uswisi walikuwa na maabara ya kuchunguza maradhi pale, ambayo baadaye ilikua ikawa taasisi ya utafiti wa afya inayojulikana kwa jina la mji huo. Mwaka 1961 kikafunguliwa na chuo cha kuwafundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini. Elimu ni marupurupu ya ajabu, kwa kuwa tajiri akishaitoa hawezi kumnyang'anya mtu. Mwanafunzi akihitimu aweza kwenda Lindi au Kigoma na elimu yote kichwani. Kwa hesabu ya kamba, hiyo ni hasara tupu. Lakini mahali palipofundisha watu ndipo watu wanapopakimbilia, kwa kuwa kijana mwenye akili hutafuta pahali atakapotoka akiwa bora kuliko alivyoingia. Kinachoweza kuondoka ndicho kilichowavuta. Na ikiwa gharama ya masomo ni kubwa, tajiri ana njia ya yule mzee wa Madyan: ataje muda, aseme nitakusomesha miaka 2 nawe unitumikie miaka 4, mtu akubali kwa macho yake. Muda uliotajwa ni ahadi, na ahadi ni deni. Deni lisilotajwa mwisho wake ndilo linalofanana na utumwa.

Na mtumishi naye tumwambie haki yake na wajibu wake. Ikiwa aliyopewa ni ujira, anadaiwa kazi kamili yenye uaminifu, wala hadaiwi kujipendekeza wala kufumba macho. Ikiwa ni zawadi, ashukuru na amwombee dua aliyempa, kisha aseme kweli inapopasa kusemwa. Maana zawadi inayonunua ulimi wa mtu imekuwa rushwa. Na yule anayepokea malipo ya mbele, kisha akatoroka usiku kabla ya kukata muwa mmoja, asijifiche nyuma ya dhuluma za matajiri. Huyo amekula mali ya mtu kwa batili, na kipimo tulichowapimia wakubwa ndicho tunachompimia.

Sasa, ndugu msomaji wa pwani, usidhani maneno haya ni ya wenye vinu na mashamba tu. Tazama nyumbani kwako. Yule kijana aliyetoka bara, anayefungua duka lako alfajiri na kulala ndani ya ghala usiku, unamlipa nini? Yule binti anayewaogesha watoto wako na kupika futari yako, amepatana nawe nini? Mara nyingi jawabu ni lilelile: anakula kwetu, analala kwetu, tunamvisha sikukuu, ni kama mtoto wetu. Maneno matamu haya. Lakini mtoto wako husoma, naye hasomi. Mtoto wako atakurithi, naye hatakurithi. Mtoto wako akikukosea humfukuzi usiku, naye waweza kumtoa leo na kifurushi chake. Basi si mtoto wako. Ni mwajiriwa wako ambaye ujira wake haujulikani. Umesikia walivyosema wanavyuoni wa madhehebu yako juu ya kuajiri kwa chakula na nguo. Wamesema vilevile kwamba ijara ikiharibika na kazi imekwisha kufanywa, mtu hupata ujira wa mfano wake, yaani ule wanaolipwa watu wa kazi kama ile. Kaa uhesabu miezi yake, kisha utazame unadaiwa kiasi gani.

Wengine watasema tumekuja kuua ukarimu kwa hesabu, na watatutajia methali ya kumfadhili mbuzi kuliko mtu. Sivyo. Ukarimu huanza pale haki inapokwisha kulipwa. Kabla ya hapo hakuna ukarimu, kuna kuchelewesha deni. Mlipe kijana wako fedha inayojulikana, kwa siku inayojulikana. Mwambie kazi yake ni ipi na mapumziko yake ni lini. Ukimpa chumba, mwambie pia kwamba siku atakapoondoka atapewa muda gani wa kutafuta pengine. Ukishayafanya hayo, ndipo umpe zawadi upendavyo: kanzu ya Idi, mchango wa harusi yake, sanda ya mzazi wake. Mpe ukanyamaze. Akibaki kwako baada ya hapo, amebaki kwa kupenda, na mtu abakiye kwa kupenda huilinda mali yako hata usipokuwapo. Na akitaka kuondoka, mfungulie mlango, mwombee heri, na umpe kilicho chake kabla hajauliza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kutimiza mapatano. Yeye ndiye ajuaye zaidi.